Kina

Mchoro wa kwanza ulichorwa nyuma ya bili ya umeme,
Januari ile joto lilipofika nyuzi arobaini na nne
na mizabibu ya jirani ikajikunja kama karatasi motoni.
Saverio aliketi mezani na penseli ya useremala
akaandika kwa zile herufi zake kubwa:
MITA TISA KWA NNE. KINA: MITA MBILI.
Akalamba ncha ya penseli, akaongeza SITAHA,
akaizungushia duara mara tatu.

Mimi nilitaka maji tu.
Goti langu la chuma limeambiwa na daktari litembee majini,
nami miaka thelathini na sita nimechuma zabibu za watu
hapa Mildura, nikipata chumvi bila bahari.
Nilitaka mahali pa kusimama nisijisikie mzito.

Tukapima ua. Vigingi sita, kamba ya kufungia mizabibu,
chokaa juu ya nyasi zilizokwisha kufa.
"Hapa utaingilia. Hapa pampu, mbali na dirisha,
isije ikatukoromea usiku."
Kwa pampu peke yake tulinuniana siku mbili.
Kwa uzio hatukugombana: sheria inautaka,
na lango lijifunge lenyewe.
Dukani alilijaribu lango mara ishirini,
ameinamisha sikio, akingoja liseme tak.

Mchoro wa pili, kina: mita moja na nusu.
Wa tatu, moja na robo.
Bwawa likikonda, sitaha inanenepa:
kwanza viti viwili, kisha meza ya wanane,
jiko la kuchomea soseji, turubai la kivuli,
mbao nyekundu za magharibi, bei yake inakata maini.
Darcy, kijana wa kampuni ya mabwawa, akaja na kompyuta yake,
akageuza mchoro huku na huku, akakuna shingo:
"Mzee, hili si bwawa. Hii ni sitaha iliyomwagikiwa maji."
Nikacheka. Saverio hakucheka.
Alikuwa anafuta namba. Moja nukta moja.
Kifutio kikatoboa karatasi.

Ndipo nikakumbuka. Hapana, sikukumbuka,
nilijua siku zote, kama ujuavyo ngazi za nyumba yako gizani,
kwamba sijapata kumwona mume wangu ametota kichwa.
Mto uko hapo, dakika kumi.
Mandari zote zile tulizokwenda,
yeye ndiye mlinzi wa viatu, mlinzi wa tikitimaji.
Nunzio, mdogo wake. Mfereji wa umwagiliaji,
mwaka wa sitini na moja.
Picha moja kwa mama mkwe, juu ya friji,
tuliipangusa vumbi, hatukuizungumza.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake, husema watu.
Yeye aliyafika, ana miaka kumi na mmoja,
akarudi nyumbani ameshika shati tupu.

Sikumwuliza. Arobaini na mitatu ya ndoa,
kuna milango tunaipita kwa kunyata.
Usiku, amelala, nikachukua penseli yake
nikachora ngazi saba pana, za kushuka polepole,
na kando ya ile ya tatu benchi ndani ya maji,
la watu wawili, maji yaishie kifuani mtu akiketi.
Kina nikakiacha alivyokiandika.
Ukutani nikachora bomba la kushikia,
nikaandika kwa herufi kubwa, za kuiga zake:
NI LA GOTI.

Asubuhi aliutazama mchoro mpaka kahawa ikapoa.
Akapima benchi kwa rula. Akapima tena.
"Sentimita tisini," akasema, "watu wawili haziwatoshi.
Tia mia na kumi. Kiuno changu si kile cha zamani."
Kisha akachukua nyundo,
akatoka kwenda kuhamisha kigingi.